Tundu la ukuta wa jikoni

Sikia, Claudine: shangazi Adèle alikuwa anatoboa ukuta wa jikoni kwa jembe ili moshi utoke. Mtoto wake alilazwa humo apate joto, na kikohozi kilikuwa kinamkata pumzi. Ilikuwa mwaka 1983, hapa hapa Lumumba. Yeye mwenyewe amenisimulia sasa hivi.

Mama mkwe akaingia. "Ziba! Moshi ikitoka, wadudu watakula mahindi yangu ya mbegu hapo juu ya moto."

"Mama, mutoto anakufa."

"Mutoto utazala ingine. Mbegu utatoa wapi?"

Alisema hivyo, Claudine. Mutoto utazala ingine!

Hilaire, mume wa shangazi, akamnyang'anya jembe. Akamnong'oneza: "Kesho, Adèle. Kesho mama akienda shamba, nitatoboa miye."

Mama yake akainama, akaongeza kuni motoni.