Baba Alipobaki Peke Yake Mstarini

Ngulyati, Bariadi
Agosti 1996

Kaka Salu,

Mwangaluka! Huko Mwanza mmeamkaje? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, mama kifua kimeachia, na pamba yote imeshatoka shambani.

Tangu kampuni za watu binafsi zianze kununua pamba, huku vituko haviishi. Juzi kampuni mbili kati ya hizo ziliandaa mashindano ya pikipiki, Ngulyati hadi Bariadi na kurudi. Mwamuzi nani? Baba! Walisema aliyepima pamba ya ushirika miaka yote bila kulaumiwa hawezi kupendelea.

Wa kwanza kufika alikuwa Ngeleja, wa kampuni ya malori mekundu. Baba akamfutia ushindi, akasema ameona vumbi lake likitimka katikati ya mashamba: amekatiza kona. Weee! Meneja wao, Fredrick, akapanda lori, akampandisha na Ngeleja, akashika kipaza sauti. Akatangaza kwamba mzee haoni, tena kahongwa. Baba yetu, kaka!

Sasa sikia ajabu. Kelele zile zikavuta uwanja mzima. Si unajua ngoma zetu, vikundi viwili, Wagika na Wagalu, vinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyezungukwa na watu wengi? Basi wazee walipoona lori limezingirwa, wakashangilia kwamba wekundu wameshinda! Meneja naye akadakia, eti umma umeamua. Baba akabaki kwenye mstari wa kumalizia na bendera yake.

Nikavuka uwanja, nikasimama naye. Walinizomea, acha tu.

Mara Ngeleja akashuka, akaja kwetu akisukuma pikipiki. Akasema kwa sauti kwamba mzee ameona sawasawa. Watu wakaanza kurudi upande wetu, mpaka meneja akabaki na kipaza sauti chake. Jioni hiyo akamnyang'anya Ngeleja pikipiki na kazi.

Baba hadi leo anajiuliza kijana yule alisukumwa na nini. Kaka, mimi nusu ya jibu ninayo: Ngeleja na mimi tumeahidiana kuoana tangu palizi. Nikamuuliza, kama nisingevuka, angeshuka? Akafikiri, akasema hajui. Angesema ndiyo, nisingemwamini.

Nakuomba uje umweleze baba, aamue yeye. Akikataa nitalia, lakini sitapanda lori kumpinga kama meneja yule.

Wifi mpe salamu zangu, na watoto uwaambie shangazi anawakumbuka.

Mdogo wako,
Nyamizi