Saa Imenivaa, Nami Nateremka Wampembe

Mama Adela, mshauri wetu, marahaba kabla hujaniamkia, maana nimekuzidi umri na hilo huwezi kulikataa hata ukiwa gazetini. Mimi ni Nestory wa hapa hapa Sumbawanga, dereva wa malori mstaafu, shule niliiacha darasa la nne au yenyewe ndiyo iliyoniacha, hatujaelewana mpaka leo. Ninakuja kwako na shida, na ukitaka kucheka cheka, lakini jibu upesi, kwa sababu ubatizo wa mjukuu wangu umekaribia na nguo nimeshafua.

Ninayo saa. Siyo hizi za mnadani zinazokata roho kabla hujafika nazo nyumbani, hii ni ya Uswisi, mkanda wake ni chuma kitupu, vipande vipande kama mgongo wa samaki. Tajiri wangu Mzee Bashiri, niliyemwendeshea malori ya Kasesya, kule mpakani, mpaka macho yakagoma, aliivua mkononi mwake siku ya kuniaga akanipa mbele za watu, na aliyenifungia mkononi ni mke wangu Justa, ametoka jikoni mbio na unga wa ulezi umemjaa vidoleni, ikanibana mpaka ikaninyofoa malaika ya mkono, nikapiga kelele, naye akasema, "Afadhali ibane, hii haitakutoroka kama wewe ulivyokuwa unanitoroka na malori yako." Watu walicheka sana. Mkono wangu siku hizo, mama, ulikuwa mkono, siyo huu mwiko ninaouona sasa.

Sasa Justa hayupo. Usishtuke, yu hai, tena ana afya kunizidi. Aliteremka Wampembe, kule ziwani, kumwuguza binti yetu Victoria uzazi wa kwanza kama mama yeyote anavyofanya, akaondoka mahindi yakiwa machanga, tukavuna, tukapukuchua, na huyo mtoto sasa anatambaa na kula mchanga, na mke wangu bado yuko huko huko na samaki wao migebuka. Siku anaondoka alisimama mlangoni na mzigo wake akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Wewe mzee, nikirudi nitakuta mifupa na kofia." Na mimi kwa kiburi changu nikamjibu kwamba atanikuta nimenenepa hata mlango hautanitosha.

Basi ndiyo nimekuwa nikinenepa kwa simu tangu siku hiyo. Akipiga ananiuliza, "Umekula?" Namwambia nimekula. "Umekula nini?" Ugali wa ulezi, maharage, na kuku wa jana aliyebaki. Kumbe mama nimekunywa chai na kiazi kimoja nikiwa nimesimama, kwa sababu kupika ugali wa mtu mmoja ni kama kupiga ngoma ukaicheza mwenyewe. Kigoda chake kipo jikoni pale pale, sijakikalia, nakizunguka kama kuna mtu. Hata kuku wamekuwa na adabu, hakuna wa kuwatukana. Jioni upepo wa huku ukianza nasikia bati linagonga, namwambia Justa hilo bati litang'oka, halafu nakumbuka naongea na bati.

Wiki iliyopita nikamchomekea kwamba mkanda wa suruali umefika tundu la mwisho kwa kitambi, akacheka, kile kicheko chake cha puani, halafu akasema taratibu, "Basi kumbe unaweza bila mimi. Wacha nikae mpaka mtoto atembee." Nikasema kaa tu, usijali. Simu ikakatika. Nikaikodolea macho kama ndiyo yenye makosa.

Sasa shida yangu hii hapa. Hii saa haina betri, inaishi kwa mkono kutembea, ukikaa kama gunia nayo inakufa, na siku hizi inakufa mara kwa mara. Na imekuwa kubwa. Nikiinua mkono kumsalimia mtu inateremka mpaka kwenye kiwiko. Hapa Sumbawanga nimeshapata dawa, nimevaa masweta mawili na koti, naifunga juu ya mkono wa koti, inakaa vizuri kabisa, na kwa baridi hii nani ataniuliza? Vijana wa bodaboda tu ndio wananitania, "Mzee, hiyo saa imekuvaa!" Nawaambia wakamsalimie babu yao. Lakini Wampembe ni joto, mama. Kule nitavua koti, nitavua sweta, nitavua na lile la pili, na nitakapompokea mtoto mikononi saa itashuka mbele ya Justa na uongo wangu wote utashuka nayo.

Jirani yangu Ngeleja, yeye anasema hakuna chuma kinachomshinda Msukuma, alikuja na nyundo na msumari, tukailaza saa juu ya jiwe la kunolea, akapiga mara moja, msumari ukateleza ukachora mkwaruzo kama njia ya panya. Na saa ikanyamaza. Nikaitikisa, ikaamka, nikamfukuza Ngeleja na nyundo yake, ingawa amekuja tena jana kunywa chai.

Ninachoomba kwako ni kitu kidogo tu. Nipunguze vipi huo mkanda mwenyewe nyumbani, bila kuiharibu, ili unikae sawasawa na mke wangu asijue kitu? Kwa fundi sitaki kwenda, fundi wa sokoni ni mtoto wa shemeji yake Justa, nikikaa tu kwenye benchi lake habari itafika Wampembe kabla yangu.

Mzee Nestory, Sumbawanga

*

Mzee Nestory, shikamoo. Marahaba umeshanipa mapema, kwa hiyo tumemaliza.

Tuanze na saa, kwa sababu nikikuambia uiache, wewe na Ngeleja mtairudia. Kazi hiyo naijua. Saa ya marehemu mume wangu nilikuwa naipunguza mimi, mezani kwangu.

Nyundo irudi kwa mwenyewe. Msumari uupigilie kwenye lile bati linalogonga. Kisha kabla hujatoa kipande chochote, tazama kifungio cha mkanda kwa pembeni. Mikanda mingi ina vitundu vidogo vimepangana pale, na ndani yake kuna kijiti cha springi. Kibonyeze kwa ncha ya kijiti cha meno, sogeza tundu moja au mawili, funga, jaribu. Huenda shida yako ikaishia hapo, ukaniona mchawi.

Isipotosha, subiri mchana, kaa penye mwanga, tandika taulo jeupe juu ya sinia, maana pini ikidondoka kwenye sakafu yako hutaiona tena katika maisha haya. Safisha mkanda kwa mswaki mkavu. Gundisha selotepu sehemu zinazong'aa. Geuza mkanda, angalia upande wa ndani: utaona vimishale vidogo. Pini hutoka kule mshale unakoelekea, na hurudishwa kinyume chake. Ngeleja alipiga bila kutazama mshale, ndiyo maana msumari uliteleza. Tumia kisukumia pini, kile kichuma chembamba chenye mpini. Tuma mtu mwingine akununulie kama unamwogopa mtoto wa shemeji. Sukuma polepole kwa mkono. Ukikuta vichwa vya skrubu badala ya mishale, na saa za aina yako nyingi zina skrubu, usisukume kitu. Tafuta bisibisi ndogo inayokaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, fungua bila papara. Toa kipande upande huu na kipande upande ule, ili kifungio kibaki katikati chini ya mkono. Ukishafunga, kidole kidogo kipite kati ya mkanda na ngozi. Kisipopita umebana mno. Na kitu kikikataa, acha. Ukilazimisha, fundi utamwona tu, na utamlipa kwa kuharibu na kwa kutengeneza.

Haya, saa imekwisha. Sasa wewe.

Mzee wangu, wewe ni mjanja lakini umejifunga kwa kamba yako mwenyewe. Mkeo amekawia kwa sababu umemwambia umenenepa. Amekuuliza mara ngapi umekula? Mtu anayejua uko sawa haulizi kila siku. Alikuwa anakutafutia mlango, nawe kila siku ukaufunga kwa kuku wa jana ambaye hayupo. Aliposema "kumbe unaweza bila mimi," hakuwa anakupongeza. Alikuwa anaumia, na wewe ukamwambia kaa tu. Nilipofika hapo niliiweka barua yako chini nikasonya, ofisi nzima ikageuka.

Halafu unaniomba nikusaidie kuficha kitu pekee kitakachomrudisha nyumbani! Sitaki. Punguza mkanda saa isianguke ukiwa umempakata mtoto. Usiupunguze ili usionekane.

Na usinitanie kuhusu huo mkono. Kiazi na chai vinakondesha, hilo ni kweli, lakini kukonda kwa namna hiyo kwa umri wako ni jambo la kuangaliwa. Kabla hujateremka nenda hospitali wakupime uzito, sukari na damu. Isiwe baada ya ubatizo, iwe wiki hii. Na leo pika ugali kamili. Mwite Ngeleja mle naye, kwani chai hata ukimfukuza anakuja kunywa. Muwe wawili, huo siyo ugali wa mtu mmoja tena. Na kigoda cha Justa kikalie. Hajafa yule mama.

Vipande utakavyotoa, pamoja na pini zake, vitie kwenye boksi la kiberiti uliweke mfukoni mwa shati. Ukifika Wampembe vua koti mapema, mbele yake, usijifiche nyuma ya gari. Atakuangalia juu mpaka chini kama siku ile mlangoni. Mwache aangalie. Mtoto akishabatizwa na watu wakishakula, mpe Justa kile kiberiti mkononi. Usitoe hotuba, wewe ukianza kuongea utaongeza chumvi. Mwambie tu, "Hivi ndivyo nilivyopungua. Nitunzie, utanirudishia kimoja kimoja."

Atakutukana, jiandae. Atasema alijua. Ataita Victoria aje aone mifupa na kofia. Nawe safari hii usibishe. Na ukimwona ameingia ndani bila kukujibu, halafu ukasikia anakung'uta nguo zake na kuzikunja, usimwambie akae tu, usijali. Ingia, ushike mkono wa pili wa begi.