Neno Moja katika Kanuni za Asali

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa kazi niliyoitamani kimyakimya tangu niajiriwe. Mkurugenzi ameniagiza niandike upya kifungu cha tisa cha Kanuni za Asali, yaani nani anapanga tarehe ya kuanza kuvuna. Msimu uliopita wengi walivuna asali mbichi, yenye maji. Mapipa yakachacha njiani, wanunuzi wakayarudisha, na jina baya likatupata sote, waliokosea na wasiokosea. Ofisi yetu, inayosimamia asali, inataka tarehe moja. Wazalishaji wanataka sauti. Na mimi, mwenye miezi mitano kazini, nisiyethibitishwa bado, ndiye wa kuwaunganisha kwa sentensi moja!

Rasimu ya kumi na moja ndiyo iliyokubali: "Ofisi itapanga tarehe ya kuvuna, na wazalishaji watashirikishwa ipasavyo."

Nimeisoma kwa sauti katika chumba cha mafaili, mlango nimeufunga. Inatiririka. Sijawahi kuandika sentensi iliyokaa vizuri namna hii.

Jumanne, 5 Machi

Mkurugenzi amesema, "Safi." Neno moja tu, lakini alilisema akiwa amesimama. Rasimu imetumwa kwa vyama vyote vya wazalishaji. Mkutano wa pamoja ni Ijumaa ya wiki ijayo, na mimi ndiye nitakayesoma kifungu hicho ukumbini. Ameongeza kwamba barua yangu ya kuthibitishwa iko mezani kwake, inangoja mkutano upite salama.

Mwanasheria wetu, mama mkavu asiyecheka kabla ya saa sita, ameniambia kuwa "ipasavyo" ni kapu, kila mtu hutia humo anachotaka. Nadhani ni wivu wa kitaaluma.

Jumatano, 6 Machi

Nimeaibika hadi masikioni.

Shangazi, aliyenilea tangu darasa la tatu na ambaye bado naishi kwake, ni mwenyekiti wa chama cha wazalishaji wa asali. Ana mizinga ishirini na sita na hasira za kutosha kwa yote. Hilo ofisini sikuwahi kulitaja. Hakuna aliyeuliza.

Jioni nilimkuta jikoni akikwangua nta kwenye fremu, rasimu yangu imeegemezwa kwenye birika. Akanisomea kwa sauti ya mtangazaji wa vifo. Kisha akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Watashirikishwa! Mimi nimeshirikishwa maisha yangu yote, mwanangu. Mwaka juzi nilishirikishwa mpaka nikapewa soda na karatasi ya mahudhurio. Kurudi nyumbani, tarehe imeshapigwa chapa."

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba huenda mwandishi alikuwa na nia njema.

"Nia njema anayo. Mzinga hajawahi kuinamia. Anayeshirikishwa ni mgeni. Mwenye shughuli hushiriki."

Halafu akaniuliza mbona sili.

Nikatia tonge mdomoni. Mwoga mkubwa mimi!

Alhamisi, 7 Machi

Nimeitazama sentensi yangu siku nzima. Bado inatiririka. Maji nayo hutiririka.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi ameniburuta mizingani asubuhi. "Twende, Mheshimiwa, ukanibebee bomba la moshi." Huniita Mheshimiwa tangu nivae joho, hasa vyombo vinaposubiri kuoshwa.

Mzinga wa kwanza: masega yote yamefunikwa kwa nta, meupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Akatia tone kwenye kipima unyevu: maji asilimia kumi na saba. Imeiva. Mzinga wa pili, hatua kumi tu kutoka hapo: masega wazi, asali inachuruzika kama chai. Ishirini na nne. Nyuki wa mzinga wa kwanza ni wengi na wakongwe, akaeleza, wale wamehamia juzijuzi.

"Sasa Mheshimiwa, tarehe ya ofisi ni ya mzinga upi? Nyuki hawasomi barua."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Shangazi, kifungu cha tisa ni changu."

Hakuinua hata kichwa. "Nilijua tangu Jumatano. Nani mwingine duniani anaandika orodha ya sokoni, 'nyanya sita, zilizoiva ipasavyo'?"

Nilicheka mpaka wavu wa usoni ukaniingia mdomoni. Nyuki mmoja akaniuma kifundo cha mkono. Shangazi akauchomoa mwiba kwa ukucha, polepole, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Basi. Rasimu yako imegongwa muhuri."

Tulipokuwa tukirudi alibadilika. Akanikataza kuandika chochote kwa ajili yake. Nikimwandikia yeye, watasema kanuni imepikwa jikoni kwake, na wenzake watakosa haki kwa sababu ya jina lake. "Andika lililo kweli. Na sisi mtubane pia. Wanaovuna mbichi wamo humuhumu chamani, nawajua mpaka majina ya utani."

Nampenda mama huyu kiasi cha kunichosha.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeandika tena. Haitiririki hata kidogo:

"Tarehe ya kuvuna itapangwa kwa pamoja na ofisi na wazalishaji wa kila eneo, baada ya wakaguzi wawili, mmoja wa kila upande, kupima mizinga. Pande zisipokubaliana, vipimo vitarudiwa mbele ya wote ndani ya siku saba. Hakuna tarehe itakayotangazwa bila sahihi za pande zote mbili. Atakayevuna kabla ya hapo atafungiwa msimu mzima na chama chake mwenyewe."

Mwanasheria ameisoma mara mbili. "Hii ina meno," akasema. Akatabasamu. Saa nne asubuhi!

Kisha akaniuliza nimejifunza wapi mambo ya masega. Nikamweleza kuhusu Shangazi. Tabasamu likazimika. Akanishauri nijiseme kabla sijasemwa. Rasimu nimempelekea Mkurugenzi pamoja na barua: mwenyekiti wa wazalishaji ni dada wa baba yangu, naishi kwake, na nilipaswa kueleza hayo tangu siku ya kwanza. Ni barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Haina kivumishi cha sifa hata kimoja.

Jumanne, 12 Machi

Mkurugenzi ameniita. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Amesema alinipa kazi ya kuandika, siyo ya kugawa mamlaka ya ofisi. Amesema rasimu ya pili si mbaya, lakini ikitoka mkononi mwangu, kesho watu watasema mwenyekiti amejipatia mtoto wa kaka ofisini. Nilimjibu kwamba ndiyo maana nimemwandikia. Akaitia rasimu mpya kwenye faili lake, akafunga kamba.

"Ijumaa utasoma ile ya kwanza."

Barua yangu ya kuthibitishwa niliiona kwa jicho la pembeni. Mahali pa sahihi ni peupe.

Alhamisi, 14 Machi

Shangazi amenipigia pasi blauzi. Hakuuliza nitasoma nini. Sikumwambia. Tumezungumzia bei ya sabuni kwa saa nzima, kama mabalozi wawili.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa koridoni, nimesimama, daftari limeegemea dirisha. Mapumziko ya dakika kumi, na nane zimekwisha.

Nilisoma ile ya kwanza, kama nilivyoagizwa. Watu wa ofisi wakapiga makofi. Wazalishaji, safu nne za viti, hawakupiga.

Shangazi akasimama. Amevaa lile koti la mazishi na mahafali. Akaniita "Ndugu Afisa". Yeye, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu!

"Ndugu Afisa, naomba ufafanuzi. Ofisi ikipanga tarehe, sisi tukaikataa, ikatangazwa hivyohivyo. Kanuni hii itakuwa imevunjwa?"

Mkurugenzi alinigeukia. Nilikuwa na majibu matatu mazuri, yote yanatiririka.

Nikasema, "Hapana, Mama Mwenyekiti. Haitakuwa imevunjwa."

Minong'ono ikaanza safu ya nyuma. Mkurugenzi akavua miwani. Nilidhani ataniambia niketi. Akatangaza mapumziko, akatoka na faili lake.

Sasa wako mwisho wa korido, yeye na Shangazi, karatasi imelazwa juu ya jokofu la maji. Kwa mbali naona ina mistari mingi. Ile ya kwanza ilikuwa na mmoja tu. Shangazi anasema siku saba ni nyingi, mvua haingoji; ziwe tano. Mkurugenzi anasema wakaguzi wake hawana mabawa, kumi. Shangazi amempiga kidogo begani kwa miwani ile aliyoivua Mkurugenzi! Mkurugenzi hajakasirika. Wala hajanitazama hata mara moja.

Mwanasheria amepita na kikombe. Ameninong'oneza kwamba barua yangu ya kuthibitishwa bado haijasainiwa, asubuhi ameiona, na kwamba nisimame wima.

Mkurugenzi anajipapasa mifuko. Anauliza kwa sauti kubwa ni nani hapa mwenye kalamu. Shangazi amegeuka, wote wawili wananitazama, na kalamu iliyo karibu ni hii ninayoandi—