Matairi Manne Yenye Chaki

Kuhmo, 2 Oktoba 2019

Mkwe wangu Merja,

Nimekuficha jambo kwa miaka ishirini na moja. Nimelificha kwa polisi, kwa mchungaji, kwa marehemu mke wangu, na kwa mjukuu wangu Saana niliyemlea juu ya uongo huo. Mwanangu Ilkka hakufa kwa sababu yako. Nilijua hivyo siku ile ile aliyokufa, na nikakuacha uitwe muuaji wa mumeo.

Baada ya maneno hayo sijui kama salamu ina maana, lakini nakusalimu. U hali gani? Bahari ya Hanko inakupa usingizi? Mimi afya imekwisha. Saratani imefika kwenye mifupa. Daktari wangu nilimfundisha fizikia zamani, wala hakuwa mwerevu. Ameniambia, "Mwalimu, theluji ikianguka utaiona. Ikiyeyuka, siwezi kukuahidi."

Binti yako amejifungua mtoto wa kiume, ana wiki sita. Masikio ni ya Ilkka. Atabatizwa siku ya Watakatifu Wote, tarehe 2 Novemba. Najua hujaalikwa, maana mimi ndiye niliyemfundisha Saana asikualike. Hajui kwamba nakuandikia. Nataka kulinyoosha jambo hili kabla ya siku hiyo, ila leo mkono umechoka. Niambie kwanza kama uko tayari kusikia.

Baba mkwe wako,
Oiva


Hanko, 8 Oktoba 2019

Mzee Oiva,

Shikamoo sikupi. Afya yako siiulizi kwa kuwa umeshaieleza. Sehemu ya mifupa nimeisoma mara mbili, kisha nikajimiminia kahawa.

Mkono umechoka! Haukuchoka siku ya mazishi, uliponipokonya kikombe mbele ya watu sitini ukasema, "Polisi wanasema matairi yake yana alama ya kisheria ya kuendeshea baridi. Sheria imemsamehe. Mimi simsamehe. Nenda kanywee kahawa kwenu pwani." Kuna watu walicheka. Nilikuwa nimempakata Saana, ana miaka minne.

Ndiyo, nilinunua matairi ya misimu yote. Tulikuwa tumehamia huko kwenu mwaka ule ule. Muuzaji wa huku kusini aliniambia yanafaa kiangazi na yanafaa baridi, sina haja ya kubadilisha kila Novemba. Mimi nimekulia mahali theluji ni uji, nikamwamini. Ilkka aliyaita malapa. "Jamani, mke wangu amelivalisha gari malapa!" Alicheka hivyo mpaka dukani kwa watu.

Sasa nieleze, wewe mwenye elimu. Mtu aliyeyaita malapa, kwa nini Jumapili ile aliacha gari lake lenye matairi ya misumari ya kung'ata barafu akachukua langu? Na kwa nini aliingia kona ya ziwa kwa mwendo wa sabini, baridi ikiwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri? Ilkka, aliyeogopa barafu kuliko wanaume wote wa kijiji kile? Nimejiuliza kama aliliona lile lori la magogo lililomgonga akaliacha lije. Nimejiuliza kama alikuwa amechoka na mimi. Umewahi kulala na swali kama hilo, mzee?

Saana alipokuwa na miaka kumi na tano ulimpeleka kwenye kona ile, ukamwonyesha kwa fimbo mahali mama yake alipomuulia baba. Mwaka uliofuata alihamia kwako. Kabla ya kufunga mlango aliniambia, "Mama, ungeuliza mtu mmoja tu, ningekuwa na baba." Hajanipigia simu tangu hapo. Mjukuu wangu nimemjua kutoka kwako, wewe.

Majuto yako kaa nayo. Ninachotaka ni karatasi moja yenye sahihi yako, Saana aisome. Na fanya haraka. Ukifa kabla ya kuniandikia, itakuwa hila yako ya mwisho na siku zote ulikuwa hodari wa hila.

Mama yake Saana


Kuhmo, 15 Oktoba 2019

Mkwe wangu Merja,

Barua yako imenikuta kitandani. Kwa nini hukuwahi kunisema hivyo ana kwa ana? Labda ningekuheshimu mapema. Uliponijia mara ya kwanza ulikuwa mtu wa kuomba radhi kila unaposogeza kiti. Nilimwambia mke wangu, "Huyu hatamaliza baridi mbili, na akiondoka ataondoka na mwanetu." Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu tangu mwanzo, kwamba utamrudisha Ilkka kwenu.

Bandani kwangu, nyuma ya mkokoteni wa theluji, kuna matairi manne ya misumari chini ya turubai. Hayajawahi kugusa barabara. Vile vinywele vya mpira vinavyotoka navyo kiwandani bado vimesimama. Kila moja lina mwandiko wa Ilkka kwa chaki: Merja mbele kushoto, Merja mbele kulia, Merja nyuma kushoto, Merja nyuma kulia.

Aliyaleta Alhamisi, tayari yako kwenye rimu. Akasema, "Baba, Jumamosi niko zamu kiwandani. Nitakuachia gari lake, umfungie haya. Nimemwambia unarekebisha waya wa kupashia injini joto. Akisikia ni matairi tutabishana mpaka Krismasi. Nitamwambia Jumapili mezani, akishashiba."

Nikamtania: "Mwanamume mzima unamwogopa mke."

Akacheka. "Simwogopi, baba. Nataka tu awe anafika."

Jumamosi mgongo ulinishika. Sikuyafunga. Hilo ndilo nililoficha. Nimeliandika kwenye karatasi ya pili na kutia sahihi kama ulivyotaka. Mpelekee Saana.

Baba mkwe wako,
Oiva


Hanko, 23 Oktoba 2019

Mzee Oiva,

Karatasi yako hiyo hapo, nakurudishia.

Mgongo! Jumamosi ile saa nane nilipita kwako kuleta mkate. Ulikuwa juu ya paa la sauna na koleo, unasukuma theluji na kupiga mluzi. Ulinipungia mkono. Gari langu lilikuwa uani, na jeki imelala kando ya gurudumu la mbele. Nilidhani ni mambo ya waya wako wa injini, nikaacha mkate kwenye ngazi nikaondoka.

Kisha Ilkka alikuja kwa miguu kulichukua gari, giza limeshaingia. Alirudi nyumbani anatabasamu peke yake kama mtu aliyeficha zawadi. Nilimuuliza, "Nini?" Akasema, "Hakuna." Sasa najua alikuwa anafikiria nini. Kama mgongo ulikushika, si ungemwambia? Angeyafunga mwenyewe kwa nusu saa. Mlisema nini pale mlangoni?

Karatasi hii ina uongo, na mwanangu ameshalishwa uongo wako wa kutosha. Andika upya. Zimebaki siku kumi.

Na usiniite mkwe wako.

Mama yake Saana


Kuhmo, 1 Novemba 2019

Merja,

Mwandiko huu unaujua. Vidole vyangu havishiki kalamu tena, kwa hiyo anayeandika ni Saana, neno kwa neno kama ninavyotamka. Yuko muuguzi hapa anayeandika vizuri kuliko yeye, lakini nimemchagua Saana makusudi. Karatasi yenye sahihi yangu angeweza kusema umeighushi, na nilimlea awe mtu wa kusema hivyo. Sikumwambia tunaandika nini. Alidhani ni barua ya kawaida, akajipikia chai kabisa. Barua zako mbili nimezitoa chini ya mto, ameshazisoma. Chai imepoa.

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nje theluji imeanza. Watu wa kijiji wako uani kwao tangu asubuhi na jeki, wanabadilisha matairi. Nasikia spana zao.

Mgongo wangu ulikuwa mzima. Nilitia jeki, nikalegeza nati za gurudumu la mbele kushoto, nikalivuta tairi lenye jina lako. Halafu nikafikiri. Kesho yake ungeendesha kwenda kwaya. Ungepita mteremko wa kanisa wakati watu wote wamesimama kwenye ngazi. Nikataka uteleze. Uingie kwenye mtaro, ambako theluji ilikuwa nene kama godoro na asingeumia mtu, utoke umevaa viatu vyako vya pwani, wakuvute kwa trekta huku wanakutazama. Mwezi mmoja wa kuchekwa ungetosha kukurudisha Hanko, na ukikimbia peke yako kwa aibu, nilijiambia, Ilkka asingeacha kazi yake kukufuata. Nikazikaza zile nati tena. Nikalishusha gari. Nikapanda juu ya paa, nikapiga mluzi, ndiyo.

Saana ameweka kalamu chini. Amesema, "Babu, nyamaza." Nimemwambia aliandike hilo pia. Ameliandika.

Amesema kesho hakuna ubatizo. Mtoto atangoja mpaka bibi yake afike kutoka Hanko, na siku hiyo mimi sitaitwa. Nimemwambia siku hiyo sitakuwapo vyovyote vile. Amesema, "Afadhali." Hilo nalo liandikwe.

Uliuliza kwa nini gari lako, na kwa nini sabini. Misumari mipya haitaki kukimbizwa wala kufungiwa breki ghafla. Mtu huiendesha kilomita mia kadhaa kwa upole mpaka ikae vizuri ndani ya mpira, ndipo ishike barafu. Huku kwetu mume humfanyia mkewe kazi hiyo, na hakuna anayeisemea. Ilkka alitoka alfajiri kukalisha misumari yako, ili wewe uende kwaya na matairi yaliyokwisha tulia. Barabara ile inaruhusu mwendo wa themanini. Sabini yake ndiyo ilikuwa upole. Magurudumu yalikuwa yameganda theluji, asingeona. Barabara ilikuwa nyeupe, asingesikia misumari ikigonga lami. Mimi, mwalimu wa fizikia kwa miaka thelathini na minne, nilipiga hesabu ya kila kitu isipokuwa desturi ninayoijua tangu utoto.

Kwa hiyo hakuchoka na wewe. Lori hakuliona mpaka lilipokuwa limeshafika.

Saana ananiuliza, na anaandika huku anauliza: "Kwa hiyo baba hakukuuliza? Alichukua gari tu akaenda?"

Aliuliza. Alisimama pale mlangoni, glavu mkononi, theluji kwenye nyusi. Akasema, "Baba, umeshayafunga?"

Nikamjibu, "Nimeyafunga yote manne, mwanangu. Nenda bila wasiwasi."