Fimbo ya Stelingi Niliyoichomelea

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Hapa Kibiti tu wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Umeniuliza, sasa kwa kuwa umefunga difu nzito ya mbele, ule mhimili wa magurudumu, kwenye gari lako la porini, uunge fimbo ya zamani ya stelingi, ile inayounganisha usukani na magurudumu, au usubiri fimbo ya difu hiyo?

Nami niliwahi kuchagua. Mimi na mdogo wangu Omari tulifunga difu ya lori kwenye gari letu la kubebea boriti za mikoko kutoka Nyamisati. Fimbo ikawa fupi. Omari akasema, "Kaka, tungoje fimbo ya difu yenyewe."

Mimi nikaiunga kwa kipande cha chuma, nikamjibu, "Nimeichomelea mwenyewe, haikatiki."

Akaniamini, akaendesha. Ilikatika mteremkoni, usukani ukazunguka bure mikononi mwake. Tulimzika Ngorongo, nyumbani kwa mama. Mama hakunilaumu hata siku moja. Siku ile ya maziko aliniuliza tu kama nimekula, na swali hilo linaniuma mpaka leo.

Subiri, mjukuu wangu. Wenye haraka waambie babu amekataa.

Ukiomba dua, mtaje Omari.

Babu yako,
Mzee Seif