Kushuka Kilema Injini Ikiwaka

Jumapili jioni, Soweto, Moshi. Asubuhi ilinyesha, mchana mlima ukatoka mzima, na sasa kuna kale kabaridi ka kuvaa sweta. Nimechoka, lakini nimechoka vizuri. Mikono inanuka grisi na leo sijali.

Jumapili iliyopita sikuandika kitu humu. Sikuwa na uso wa kuandika.

Nilianguka na pikipiki.

Msianze kunitumia pole, sikuumia. Nilichubuka kiwiko na kulaza migomba ya Mama Eli, jirani yetu wa kule nyumbani Kilema. Kabla sijainuka kwenye matope, Mama Eli alishampigia Mama simu.

Mnaonisoma mnajua pikipiki yenyewe. Ni ile ya mbio, unainamia tenki kama unakamua ng'ombe, nilinunua kwa mgeni aliyekuwa anahama mji. Mimi ni msusi. Nimesuka vichwa vya watu miaka, nikaweka akiba, nikanunua nilichokitaka. Mama aliitazama mara moja tu, akasema hiyo siyo pikipiki, ni ugomvi. Tangu siku hiyo mgeni akifika nyumbani akauliza ni ya nani, Mama anasema ni ya watu.

Tena nilinunua na kofia ya pili, ya abiria. Kila Jumapili nikipanda kwenda kumsalimia naibeba mgongoni, na kila Jumapili inarudi kama ilivyokwenda. Sijui nilikuwa najidanganya nini.

Sasa niseme kosa lilipoanzia.

Kuendesha nilijifunzia kwenye bodaboda ya kaka yangu Deo, huko huko Kilema. Na kwetu milimani watu wanashuka injini imezimwa. Ukifika mteremko unaweka gia huru, unazima, unateleza kimya hadi karibu na lami, unasikia upepo na cheni basi. Tumekulia hivyo. Deo akitupakia mishikaki, yeye mbele, mimi katikati, Mama nyuma na kidumu chake cha maziwa, tukiipita parokia tu, pale barabara inapoanza kuinama, Mama alikuwa anapitisha mkono juu ya bega langu, anampiga Deo begani mara mbili. Maana yake zima.

"Mlima unatushusha wenyewe," alikuwa anasema. "Mafuta ya nini?"

Basi na mimi, na pikipiki langu la mbio, nikawa nashuka hivyo hivyo. Nilidhani pikipiki ni pikipiki.

Kumbe injini ikiwaka na gia ikiwa imeingia, yenyewe inakushikilia usikimbie. Ukiizima, mzigo wote unabaki kwa breki. Na breki zangu sikuwa nimezigusa tangu ninunue. Yale mafuta ya breki kwenye kikopo chake pale juu ya usukani yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi, na mimi nilifikiri ndiyo rangi yake. Mafuta yakizeeka yananyonya unyevu. Breki zikipata moto mteremko mzima, yanachemka, na ukibana breki hukuti kitu. Mimi nilibana mkono wa breki ukaja wote mpaka kwenye usukani, laini kama ndizi iliyolala juani. Kilichofuata ni migomba ya Mama Eli.

Mama hakunipigia simu. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Mama akigomba najua pa kuanzia kumbembeleza. Akinyamaza nakosa pa kushika. Nilimweleza Deo ukweli wote kwenye simu, kwamba nilishuka nimezima na breki zikaniacha, akasema tu, "Dada, hilo sasa ni lako na Mama."

Nilijua linakoelekea. Ataniambia niuze.

Nikaona kama nitaipoteza, basi angalau niijue kwanza. Jioni zote baada ya kufunga saluni nimekuwa uani na taa ya simu. Breki nilimpa fundi, hizo sitaki kujifunzia mwilini mwangu. Akabadilisha pedi, zilikuwa zimekwisha zinakaribia chuma, akatoa mafuta ya zamani na kuweka mapya. Mengine nimefanya mwenyewe.

Cheni, jamani. Nilikuwa naimwagia oili chafu, kama Deo anavyofanya kwenye bodaboda yake. Oili chafu na vumbi jekundu la Kilema vikichanganyika vinakuwa msasa, vinasaga meno ya gia taratibu huku wewe unajiona umetunza. Nikataka kuiosha kwa petroli, nikasoma kwanza, kumbe ndani ya cheni hii kuna vipete vya mpira na petroli inaviua. Nimetumia mafuta ya taa kidogo na kitambaa, nikaikausha, nikapaka mafuta yake yenyewe ya kopo. Kwa kuwa haina stendi ya katikati, niliiinua nyuma kwa kreti ya soda na gogo, nikawa nazungusha gurudumu kwa mkono. Halafu unasukuma cheni juu na chini kwa kidole kuona inacheza kiasi gani. Ikikaza sana mbaya, ikilegea sana mbaya. Kama kusuka tu, ukivuta mno mteja halali usingizi, ukilegeza mno nywele zinafumuka kabla ya Ijumaa.

Upepo wa matairi unapima asubuhi, tairi likiwa la baridi. Oili ya injini unaitazama kwenye kile kidirisha pembeni, pikipiki ikiwa imesimama wima, siyo imeegemea stendi. Nilikuwa naitazama imeegemea. Yaani miezi yote hiyo.

Alhamisi mteja mmoja alininusa, akaniuliza kama nimebadilisha mafuta ya nywele. Nilicheka mpaka nikaachia uzi.

Leo nikapanda.

Mama alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia nyumbani, kavaa kitenge chake cha misa, na mkononi ameshika jani la isale.

Kwa msiotoka huku, isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani. Mtu akikuletea isale kuomba jambo, hasa msamaha, unapokea na unamsikiliza. Hukatai. Nimewaona watu walionuniana miaka wakaishia kula pamoja kwa sababu ya jani hilo. Lakini anayelibeba huwa ni mdogo kwenda kwa mkubwa. Mama hajawahi kumletea mtoto wake isale, sijawahi kusikia.

Nikazima injini. Nikawaza, amekuja nalo ili nisiweze kukataa. Anaiuza pikipiki yangu kwa isale.

"Shikamoo Mama," nikasema.

Akalishika jani kwa mikono miwili, akanipa. Nikalipokea, ningefanya nini.

"Nisamehe mwanangu," akasema. "Deo ameniambia. Kuzima nilikufundisha mimi."

Nikalia. Naandika hivi hivi ilivyokuwa. Nililia na kofia kichwani, kioo kikajaa ukungu, nikawa simwoni vizuri. Wiki nzima mimi nahesabu namna atakavyoninyang'anya, na yeye alikuwa amekaa na neno hilo kifuani, akiogopa kupiga simu. Nikamwambia yamekwisha. Nikamwambia hukujua Mama, hata mimi sikujua. Akaniambia nivue hiyo kofia nile, mtori unapoa.

Baada ya kula akasema nimwonyeshe hizo breki. Nikachuchumaa naye pale uani. Nikamwonyesha pedi mpya, nikamwonyesha mafuta yanavyoonekana kwenye kikopo, nikampa abane mkono wa breki mwenyewe asikie unavyogoma. Akabana, akabana tena. Kisha akaniuliza kofia ile ya pili ni ya nani.

Kesho ana miadi ya macho hapa mjini. Alikuwa ashuke alfajiri na gari. Akasema kwa nini alipe nauli na mtoto wake anashuka jioni.

Akavaa suruali ya Deo chini ya kitenge, akavua kilemba, akavaa kofia. Nikaazima pampu ya Deo nikaongeza upepo kidogo tairi la nyuma, kwa ajili ya abiria. Kiti cha nyuma cha pikipiki hii ni kidogo na kiko juu, kwa hiyo alikuwa amekaa juu yangu kama askofu. Mama Eli alitoka mpaka barabarani kutushangaa, na Mama akampungia mkono wa taratibu sana, akimaanisha kila kitu.

Sasa hivi yuko jikoni kwangu. Kisu hakikati, sufuria zimekaa vibaya, na chumvi kwa nini inawekwa karibu na dirisha. Kila kitu kina kasoro isipokuwa pikipiki. Kesho jioni nampandisha. Ameshaniuliza mara mbili kama upepo nitapima asubuhi.

Isale nimelifunga kwenye usukani, upande wa breki.

Na hili nimeliacha mwisho kwa sababu nataka nilale nalo. Tulipoipita parokia, pale barabara inapoanza kuinama, nilisikia mkono wake ukitoka kiunoni kwangu na kupanda. Ukaja mpaka begani. Nikasubiri anipige mara mbili. Injini ilikuwa inaunguruma chini yetu, gia ya pili, inatushikilia.

Hakupiga. Mkono ukakaa pale pale begani mpaka tukafika lami.