Mchezo Unafungwa Ijumaa

Jumatatu, 1 Septemba

Leo miezi saba kamili tangu nitoke Kikima. Niko Kanyangi, upande wa Kitui, kwenye mto usio na maji. Tunajenga ukuta wa zege kukata mto, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma yake na maji yajifiche ndani ya mchanga. Asubuhi nimechimba msingi mpaka mwamba ukaonekana. Vidole vimevimba, kalamu inateleza.

Saa saba nilipanda jiwe kubwa lililo juu ya mto. Hapo tu ndipo mtandao unashika. Mutinda alikuwa ameshaingia kwenye mchezo wetu wa simu. Tulilinda ngome dakika ishirini. Yeye anapiga mishale, mimi naziba ukuta unaobomolewa. Hatukuandikiana neno. Ni mdogo wangu, tumbo moja, na hatujaongea kwa mdomo tangu niondoke. Kwa sasa ndugu yangu ni mtu wa kuchorwa mwenye kofia ya chuma.

Ijumaa, 5 Septemba

Siku ya mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji. Wanawake wa kijiji walikuja na kamba na mitungi, wakabeba mawe tangu asubuhi. Fundi Nzioka, mkubwa wetu, ana spika ndogo. Tangu Februari inaimba nyimbo za kanisa peke yake. Leo simu yake iliisha chaji, akaniambia niunganishe yangu.

Niliweka metali, muziki ninaoupenda. Si ile ya kupiga kelele sana. Ya polepole, gita limeshushwa mpaka linanguruma kama trekta.

Mama Mbithe wa kikundi cha maombi aliangusha jiwe lake. "Shindwa! Kyalo, zima hiyo kitu, utatuletea mapepo hapa mtoni!"

Susu Kalekye, bibi mkongwe kuliko wote, alikuwa amekaa akivunja kokoto. "Mwache. Hiyo ni kilumi ya wazungu. Nilicheza kilumi mama yako akiwa bado msichana."

"Susu, na wewe umeokoka!"

"Nimeokoka, sijakuwa kiziwi. Kijana, ongeza kidogo."

Watu walicheka mpaka mawe yakasimama. Fundi akazima. Lakini Susu alisema ukweli ambao sijawahi kuusoma mahali. Ngoma ya kilumi, ile ya zamani ya mapepo, ni nzito, inarudi palepale, inarudi, mpaka mwili unasahau umechoka. Metali ni hivyohivyo.

Jumapili, 7 Septemba

Sikuenda kanisani. Wenzangu wote wameenda. Nimefua nguo, nimelala, nimeamka, bado ni saa nne.

Nimeishia kidato cha pili. Kiingereza changu nilikitoa kwenye maneno ya nyimbo za metali na kwenye menyu za michezo. Kwa hiyo najua kusema "kaburi" na "endelea" na "hifadhi", lakini siwezi kuandika barua ya kuomba kazi.

Watu hudhani metali ni hasira. Mimi nasema ni uchovu. Nyimbo nyingine zote zinakudanganya kwamba kesho ni sherehe. Metali inakwambia leo ni nzito na inakaa na wewe hapohapo. Sipendi zile bendi za kujipaka rangi usoni, wanaimba kama wanauza sabuni. Sipendi pia wapiga gita wanaokimbia vidole bila sababu. Gita la Kikamba hukimbia pia, lakini hukimbia kwa kuwa watu wanacheza. Wale wanakimbia wakijitazama kwenye kioo.

Tulianza kuzisikiza mimi na Mutinda, kwenye flashi iliyosahauliwa na mteja katika kibanda chetu. Hatukujua majina ya bendi. Tulizipa namba. Yeye alipenda ya nne, mimi ya kumi na moja. Hapa hakuna mtu ninayeweza kumwambia kumi na moja akanielewa.

Jumanne, 9 Septemba

Mawe. Mawe. Chakula, muthokoi bila chumvi. Mutinda hakuwa kwenye mchezo leo. Nilisimama mlangoni mwa ngome kama mjinga mpaka wakati wa kurudi kazini.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefungua mchezo nikakuta tangazo, limeandikwa kwa upole kama la msiba. Wanatushukuru kwa safari tuliyosafiri pamoja. Ijumaa tarehe 26, saa nane mchana kwa saa zetu, mchezo unafungwa. Hautafunguka tena kwenye simu ya mtu yeyote.

Nimesoma mara tatu. Nikasoma pia wanavyosema wachezaji wengine kwenye mtandao. Waliotengeneza mchezo walifukuzwa kazi mwaka jana. Kampuni inayochapisha ndiyo imebaki na jina.

Huko kwetu Mbooni, upande wa Kikima, mtu anapanda mwembe, anangoja miaka, anapulizia dawa, anafukuza nyani. Halafu dalali anakuja na lori, anapanga bei, na kwenye sanduku anabandika jina lake. Wachapishaji wa michezo ni madalali wa maembe. Tofauti ni kwamba dalali wa maembe, ukishanunua, hawezi kuja nyumbani kwako akalitoa embe mdomoni.

Nilinunua mchezo huu. Nilinunua pia nyundo ya shaba ya yule mtu wangu wa kuchorwa, ujinga wangu mwenyewe. Leo nimeambiwa sikununua kitu, niliruhusiwa tu kukaa.

Lakini nyundo si shida. Shida ni kwamba ile ngome ndiyo mahali pekee duniani ambapo Mutinda bado anasimama karibu nami.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike tu, hakuna atakayesoma.

Tulikuwa na kibanda cha michezo sokoni Kikima, mimi na Mutinda. Runinga moja, mashine moja, padi mbili za kuchezea. Vijana wa boda walikuja, wanafunzi wakija wikendi. Ukutani tulichora fuvu lenye mabawa, mchungaji akaja kutuombea mara mbili. Nilikuwa na raha siku zile na sikujua.

Zamani diski ilikuwa mchezo. Unaitia, inacheza. Unaweza kumwazima jirani. Halafu wachapishaji wakaanza kuuza diski ambayo ndani yake hamna mchezo, kuna ufunguo tu. Mchezo wenyewe ushushe kwa mtandao, mzito kama lori la mchanga. Mutinda aliniambia, "Usinunue hiyo mpya, nimesoma, ni ganda." Nikamwambia mimi ndiye mkubwa. Nilichukua akiba yote ya kibanda nikainunua.

Nilitangaza soko zima. Jumamosi watu walijaa mpaka nje. Nikatia diski. Ikaandika kwamba ningoje siku kumi na saba.

Watu walicheka. Mutinda naye akacheka, akasema, "Mkubwa ametununulia kifuniko." Nikamzaba kofi. Mbele ya wote. Hakunirudishia. Alichomoa padi yake, akaikunja waya vizuri, akaondoka.

Nilifunga kibanda wiki hiyohiyo nikaja huku. Sikuomba msamaha. Nilikuwa na haya, na haya yangu niliiita hasira. Miezi miwili baadaye niliona jina lake kwenye mchezo wa simu. Nikabonyeza, akakubali. Ndivyo tumekaa.

Jumatatu, 15 Septemba

Alikuwepo. Yeye pia ameona tangazo bila shaka. Mchezo una sehemu ya kuandika ujumbe. Niliandika "Mutinda" nikafuta. Niliandika "Pole" nikafuta. Adui akavunja lango, tukashindwa.

Alhamisi, 18 Septemba

Mawingu yamekaa juu ya milima mapema kuliko kawaida. Fundi amepanga kumwaga zege la mwisho. Siku yenyewe: Ijumaa, tarehe 26.

Hapa kuna desturi. Zege la mwisho humwagwa mara moja, bila kusimama, kuanzia alfajiri mpaka ukuta ufike kimo. Kijiji kizima hupanga mstari, karai zinapita mkono kwa mkono. Zege likikatika katikati, lile la kwanza hukauka, la pili halishikani nalo, na maji yatapata njia. Kwa hiyo hakuna anayetoka kwenye mstari. Chakula unalishwa mdomoni na watoto wa shule.

Huko chini kuna ukuta mwingine, wa zamani, unaovuja mahali pamoja. Mahali pale panaitwa Kwa Mwendwa. Mwendwa alitoka kwenye mstari kwenda kupokea simu. Ameshakufa, na watu bado wanateka maji Kwa Mwendwa.

Jumanne, 23 Septemba

Leo nimemwomba fundi nusu saa, Ijumaa, kabla ya saa nane.

"Ya nini?"

Nikasema kuna mchezo unafungwa, nataka kuagana na ndugu yangu ndani yake. Nilijisikia nikisema, nikaona aibu.

Fundi hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kyalo, una miaka thelathini na mbili. Huyo ndugu hana simu?"

"Anayo."

"Basi ukuta hauna hafutaimu."

Ijumaa, 26 Septemba

Naandika jua bado lipo. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulianza kabla ya mapambazuko. Mstari mrefu kutoka mahali pa kuchanganyia zege mpaka ukutani. Mimi katikati, Susu Kalekye kushoto kwangu, Mama Mbithe kulia. Waliimba nyimbo za kanisa na nikaimba nao, mikono haina dini. Saa sita. Saa saba. Nilikuwa naangalia kivuli cha jiwe lile kuliko karai.

Saa saba na nusu Susu alisema bila kunitazama, "Kijana, unanipa karai kama mtu anayezika. Una nini?"

Nikamwambia. Sijui alielewa nini kuhusu mchezo. Alielewa ndugu.

Akamwambia Mama Mbithe, "Sogea." Mama Mbithe akasema, "Atavujisha ukuta huyu, pamoja na mapepo yake." Lakini akasogea. Mikono yao ikakutana mbele yangu, karai ikapita bila mimi. Mstari haukukatika hata pumzi moja. Nikakimbia.

Fundi alinipigia kelele nyuma: "Tutapaita Kwa Kyalo!"

Juu ya jiwe, saa nane kasorobo. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nikafungua mchezo. Ukaandika: sasisha kwanza ndipo uingie.

Sasisha. Mchezo unaokufa baada ya robo saa, wanataka niusasishe. Nikabonyeza. Asilimia mbili. Asilimia nne. Niliwatukana wachapishaji wote kwa Kikamba, lugha ambayo hawana huduma yake. Asilimia saba. Saa nane ikapiga. Ikaandika kwamba huduma hii haipo tena.

Nilikaa. Chini karai zilikuwa zinapita. Jina la Mutinda nilikuwa nalo kwenye simu siku zote hizi. Nikapiga. Iliita mara moja tu.

"Umefika ngapi?" Hiyo ndiyo salamu yake.

"Saba."

"Mimi kumi na moja."

Alicheka kidogo, kwa pua. Nikacheka. Nyuma yake nilisikia pikipiki zikinguruma stejini, anakoendesha boda siku hizi.

Nikasema, "Mutinda, lile kofi. Nilikosa. Ulikuwa umeniambia na nilikosa."

Nikaangalia kama simu imekatika.

"Nimesikia," akasema. "Niko na abiria." Akakata.

Nikashuka. Nikarudi mahali pangu, hakuna aliyeniuliza. Tulimaliza saa kumi na nusu. Nililia nikinawa uso, ilikuwa rahisi, uso ulikuwa na maji tayari.

Jumapili, 28 Septemba

Hajapiga. Mimi pia sijapiga.

Saa saba miguu yenyewe ilinipeleka kwenye jiwe. Nilifika juu nikakumbuka. Nikakaa, nikasikiza ya kumi na moja mara mbili. Simu imebaki na alama ya mchezo, ukiibonyeza inafungua weusi. Nimeiacha. Sijui kuifuta kunaumiza nani.

Ile "nimesikia" nimeigeuza kila upande. Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Ningekuwa ndani ya mchezo ningemwona tu amesimama, nikaridhika. Sasa ninajua kwamba sijui. Ni upweke mwingine huu, wa kweli kuliko ule wa kwanza.

Jumatano, 1 Oktoba

Tunamwagilia ukuta maji asubuhi na jioni ili usipasuke. Kazi nyepesi, ya kimya. Wanaume wawili wameshalipwa na kuondoka. Mama Mbithe ameleta maziwa ya mgando, amenipa kikombe, ameniambia ananiombea kwa jina. Nimemshukuru, na nilimaanisha.

Mchana ujumbe umeingia. Mutinda. Mstari mmoja: mwaitu anauliza utarudi lini. Mwaitu ni mama yetu, na mama ana simu yake mwenyewe, na hupiga kila Jumapili, na hajawahi kuniuliza hivyo kupitia mtu.

Nimekaa na swali hilo mpaka jua limeshuka. Nimemjibu Mutinda, si mama. Nimemwandikia kwamba kumwagilia kunaisha Ijumaa ya wiki ijayo, na kwamba natarajia kufika Kikima Jumamosi, tarehe 11, kabla ya adhuhuri.